Kuwepo kwa Mungu: Dhana Potofu Zinazouharibu Mjadala

Katika mabishano mengi kuhusu kuwepo kwa Mungu, hoja inayopiganiwa si ile iliyoandikwa na wanafalsafa. Muumini hutetea toleo lake lililochakaa, asiyeamini hulibomoa toleo hilohilo kwa dakika chache, na kila mmoja huondoka akiamini kwamba ameshinda, ilhali hoja yenyewe haijaguswa. Zifuatazo ni dhana ambazo, kwa maoni yangu, zinaleta madhara makubwa zaidi.

Dhana: Hoja ya chanzo cha kwanza inasema kila kitu kina chanzo, kwa hiyo inavunjika mtu akiuliza nani alimuumba Mungu

Swali hilo lingekuwa na uzito kama hoja ingekuwa imejengwa hivyo, lakini watetezi wake wakubwa hawakuijenga hivyo. Ghazali, mwanateolojia wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alisema kwamba kila kilichoanza kuwepo lazima kiwe na sababu ya kuanza kwake, na kwa kuwa ulimwengu ulianza, nao una sababu. Kisichokuwa na mwanzo hakiguswi na kanuni hiyo. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyemtangulia, hakuhitaji hata mwanzo wa ulimwengu. Yeye alitofautisha kati ya kile ambacho kingeweza kuwepo au kutokuwepo na kile ambacho hakiwezi kukosa kuwepo, akashikilia kwamba vitu vya aina ya kwanza, hata viwe havina idadi na viwe vimekuwepo milele, havitoshi kueleza kwa nini vipo. Ni kama vioo vinavyopokezana mwanga: hata ukivipanga bila kikomo, hakuna hata kimoja kati yake kinachotoa mwanga wa kwake. Ibn Sina mwenyewe aliuona ulimwengu kuwa wa milele, na Ghazali alimshambulia vikali kwa hilo katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Naye Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikristo na mtetezi mkubwa wa hoja za aina hii katika karne ya 13, alisema kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulianza. Hilo alilishika kwa imani.

Haya yote hayamaanishi kwamba hoja imepita salama. Katika kitabu cha mwanafalsafa wa Uskoti David Hume kilichochapishwa mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake, msemaji mmoja anauliza: ikiwa umeshaeleza sababu ya kila moja kati ya chembe 20 za maada, je, kuna haja tena ya kutafuta sababu ya zote 20 kwa pamoja? Mwanafalsafa wa Uingereza Bertrand Russell, katika mdahalo wa redioni wa mwaka 1948, alisema kwamba ulimwengu upo tu, na hapo maelezo yanakoma. Zaidi ya hayo, hata mtu akikubali chanzo cha kwanza, bado atahitaji hoja nyingine kuonyesha kwamba chanzo hicho kina elimu, utashi na wema. Huko ndiko ugumu uliko, na yeyote anayetaka kuipinga hoja hii kwa haki aanzie huko.

Dhana: Waumini huzikubali hoja zote za kuwepo kwa Mungu, na wasioamini huzikataa zote

Mnamo mwaka 1078 hivi, mtawa Anselm alidai kwamba ukishafikiri juu ya kile ambacho hakuna kikuu zaidi yake, utalazimika kukiri kwamba kipo, kwa kuwa kikiwa akilini tu kingezidiwa na kilichopo kweli. Aliyempinga wa kwanza alikuwa mtawa mwenzake, Gaunilo, aliyesema kwamba kwa njia hiyo mtu angeweza kuthibitisha hata kisiwa kikamilifu kuliko vyote. Aquinas naye aliikataa. Kwa upande mwingine, Russell, ambaye baadaye alisifika kwa kutoamini, aliwahi kusadiki mwaka 1894, akiwa mwanafunzi, kwamba hoja ya aina hiyo ni sahihi. Kukataa hoja na kukataa hitimisho lake ni mambo mawili tofauti.

Dhana: Sayansi imeshalimaliza swali hili

Wapo wanaodai imelimaliza kwa kukana, na wapo wanaodai imelimaliza kwa kuthibitisha. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliona katika nadharia mpya ya chanzo cha ulimwengu (ile ya Mlipuko Mkubwa) dalili ya Muumba, lakini Georges Lemaître, padri na mwanafizikia wa Ubelgiji aliyeiasisi nadharia hiyo, hakupendezwa, kwa sababu kwake ilikuwa nadharia ya fizikia tu. Hata hivyo si kweli kwamba sayansi haihusiki kabisa. Mchungaji wa Kiingereza William Paley alitumia ustadi wa jicho kama ushahidi wa msanifu mwaka 1802. Maelezo ya Darwin ya mwaka 1859, kwamba viumbe hubadilika polepole kwa uteuzi wa asili, yaliidhoofisha mno hoja hiyo.

Dhana: Kuwepo kwa mateso kunathibitisha, bila nafasi ya kujibu, kwamba hakuna Mungu

Mwanafalsafa asiyeamini, J. L. Mackie, alidai mwaka 1955 kwamba Mungu mwema na mwenye uwezo wote hawezi kuwepo pamoja na uovu. Mwanafalsafa Mkristo Alvin Plantinga alijibu kwamba huenda viumbe wenye hiari ya kweli hawawezi kuhakikishiwa wasitende mabaya, na wanafalsafa wengi, wakiwemo wasioamini, wanakubali kwamba jibu hilo linaondoa mgongano wa kimantiki. Lakini muumini asishangilie mapema. Mwaka 1979 mwanafalsafa William Rowe alileta hoja isiyodai makubwa kiasi hicho, na kwangu nzito zaidi: mtoto wa paa anaungua katika moto wa msituni na kuteseka siku kadhaa kabla ya kufa, bila mtu yeyote kujua. Hiari ya nani inalindwa hapo? Rowe hakusema kwamba haiwezekani pawe na sababu, bali kwamba ni busara kuamini haipo. Wapo wanaomjibu kwamba akili ya binadamu ni finyu mno kutarajia kuiona sababu ya Mungu, na wapinzani wao huwauliza: ikiwa hatuwezi kupima mateso ya mnyama huyo, tunapata wapi uhakika kwamba tunafanya vyema tunapomwokoa?