Je, wajua? Ploti isiyo na mwenyewe ndiyo usiyoweza kuidai

Vituo vingi vya biashara vya zamani magharibi mwa Kenya, kuanzia Kendu Bay hadi Yala na Butere, havikosi duka la Mhindi lililofungwa miaka nenda miaka rudi. Baraza la saruji limepasuka, kufuli limegandamana na kutu, mabati yametoboka na mtini umeota kwenye ufa wa ukuta. Wengi wa wenye maduka hayo waliondoka mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya sheria ya leseni za biashara ya 1967 kuwabana wasio raia wasiuze nje ya miji mikubwa. Jirani akiuliza hatima ya jengo kama hilo, jibu huwa liko tayari: ploti haina mwenyewe, ingia, kaa miaka 12, ni yako.

Miaka 12 ni ya kweli. Iko kwenye kifungu cha 7 cha Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, sheria inayoweka kikomo cha muda wa kushtaki. Yaliyobaki katika jibu hilo yana kasoro, na kasoro kubwa ni lile neno linalotangulia kila mara: "haina mwenyewe."

Kama kweli haina mwenyewe, basi huipati. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi ambayo umiliki wake hauwezi kuthibitishwa kisheria, uwe wa mtu au wa jamii, ni ardhi ya umma. Ardhi ambayo mrithi wake hawezi kutambuliwa kisheria nayo ni ya umma. Nayo Sura ya 22, kifungu cha 41, haimruhusu mtu kujipatia ardhi ya serikali kwa kuikalia. Ukijenga kwenye hifadhi ya barabara Nakuru au ukalima ukingoni mwa msitu wa Kakamega, ndani ya mipaka ya serikali, kaa miaka 12 au kaa 50, hujaanza kuhesabu. Anayejigamba kwamba ploti aliyoikalia haina mtu kabisa anajimaliza mwenyewe. Anayehitajika katika kesi ya namna hii ni mwenye ardhi halisi, mwenye jina kwenye hati, aliyelala usingizi.

Kwa nini? Kwa sababu sheria hii haigawi ardhi. Inachofanya ni kumfungia mwenyewe mlango wa mahakama.

Chukua mfano wa daftari la madeni dukani. Umekopa unga na mafuta, jina likaandikwa, ukatokomea. Sura hiyo hiyo ya 22 inampa mwenye duka miaka 6 kukushtaki kwa deni la makubaliano. Ikipita amekaa kimya, hakuna aliyekuzawadia unga. Ni kwamba akienda mahakamani sasa, utamjibu kuwa amechelewa. Lakini kabla ya miaka hiyo kwisha, ukimpelekea shilingi mia za kupunguza deni, au ukimwandikia na kutia sahihi kwamba utalipa mwezi ujao, hesabu inarudi mwanzo. Na kama ule unga alikupa tu kwa ukarimu wake, hakuna deni, kwa hiyo hakuna siku ya kwanza ya kuhesabu.

Sasa weka ploti mahali pa unga. Miaka ni 12 na inaanza siku ambayo mwenyewe angeweza kukushtaki kwa kuingia kwenye ploti yake bila ruhusa. Ndiyo maana mlinzi aliyeachiwa funguo na mwenye duka hafiki popote, hata akizeekea pale na kuzaa wajukuu: alikaribishwa. Mpangaji anayelipa kodi vilevile, na mjomba aliyepewa kona ya boma ajihifadhi kwa muda. Na yule aliyekaa miaka 9 kisha akamwandikia mwenyewe barua ya heshima, yenye sahihi yake, akiomba auziwe "ploti yako", ameandika kitu kile kile cha "nitalipa mwezi ujao". Saa imerudi sufuri.

Ardhi inatofautiana na deni mahali pamoja. Miaka 12 ikitimia, kwa ardhi iliyosajiliwa, jina la mwenye hati linabaki pale pale kwenye rejista, ila kuanzia hapo anaishikilia kwa niaba ya aliyeikalia, mpaka mahakama iamuru jina libadilishwe. Rejista inaweza kusema hivi na sheria ikasema vile kwa miaka mingi, na mnunuzi aliyekagua hati bila kwenda kutazama nani analala kwenye ploti akajikuta amenunua kesi. Kuuza hakurudishi saa nyuma: mwenye ardhi akiiuza mwaka wa 10, aliyenunua anaanzia pale pale pa mwaka wa 10. Barua kali ya wakili nayo haitoshi. Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 1984 kwamba kinachokatiza hesabu ni mwenyewe kufungua kesi au kurudi na kuishika ardhi yake kweli kweli.

Barua ya chifu inayosema "namjua, ameishi hapa tangu zamani" inaweza kukupa shahidi, ila haikupi umiliki. Risiti za ada za ardhi za kaunti ni vivyo hivyo. Ukaaji wenyewe lazima uwe wa wazi, usiokatika, bila ruhusa na bila nguvu, na uwe wa mtu anayeishika ardhi kama yake peke yake. Ua, nyumba, kisima na miti iliyokomaa vinasema mengi. Kufunga ng'ombe pale mara moja moja, au kupanda sukuma wiki msimu wa mvua na kuhama kiangazi, kwa kawaida hakutoshi, ingawa hapa kila jaji hupima ushahidi ulio mbele yake na kesi mbili zinazofanana zinaweza kuishia tofauti.

Maduka yale ya zamani yana tatizo lao la ziada. Ploti za vituo vya biashara aghalabu zilikuwa za kukodishwa na serikali kwa miaka maalumu. Huwezi kumnyang'anya mtu alichokuwa hana; kama mkataba wake wa kukodi ulibakiza miaka 8, unachokipigania ni hiyo 8, na ukiwa umeisha zamani, umekuwa ukiikalia ardhi ya umma bila kujua. Aliyekuwa na ardhi ya milele naye, kama si raia, Katiba ya 2010 iliubadilisha umiliki wake ukawa wa kukodi kwa miaka 99. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kwenda ofisi ya usajili wa ardhi, ulipe ada, uone hati inasema nini. Ufagio baadaye.

Wapo waliouona utaratibu huu wote kuwa wizi uliovaa suti, wakapinga kwamba unakiuka haki ya kumiliki mali. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ikikaa Malindi iliukubali kuwa halali chini ya Katiba.

Mwenye kudai huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi akiwa na hati ya kiapo na nakala iliyothibitishwa ya rejista yenye jina la mwenzake. Yaani anaapa kwamba ardhi ni ya fulani, ndipo aombe iwe yake. Kisha lazima huyo fulani apewe habari. Akikosekana, mahakama inaweza kuruhusu tangazo gazetini, na hapo mtu aliyeomba kimoyomoyo kwa miaka 12 mwenye ploti asitokee hulipia nafasi ya kumtafuta kwa jina lake kamili. Asipotokea bado si ushindi wa bure: jaji atauliza uliingia mwaka gani, kwa ruhusa ya nani, na majirani wawili watatu watasimama kujibu. Ukidai kipande tu cha ploti, saveya naye atatakiwa aonyeshe kinaanzia wapi na kuishia wapi.