Maabara ya mtandao nyumbani: dhana potofu kuhusu mashine pepe, na ukweli wake

Kijana wa Nairobi anayejiandaa kwa mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, akiuliza atumie programu gani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, majibu hayakawii. Mmoja atamwambia Proxmox, mwingine ESXi ya VMware, wa tatu atamshangaa kwamba bado anatumia VirtualBox. Ni wachache watakaomuuliza ana RAM kiasi gani, au kama chumbani kwake kebo ya mtandao inafika au ni waifai tu. Maswali hayo mawili yana uzito kuliko jina la programu, na kwa kuwa hayaulizwi, watu wananunua wasichohitaji.

"Bila seva ya raki, hiyo si maabara"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi. Seva kuukuu ya raki, ile bapa ya kufungwa kwenye kabati la vifaa, inaweza kula wati 150 hata ikiwa imekaa tu. Iache usiku na mchana kwa siku 30, imemaliza uniti 108 za stima. Kompyuta ndogo ya mezani ya ex-UK, zile OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre zinazouzwa katikati ya jiji, ikiwa haina kazi hukaa karibu na wati 15, yaani uniti 11 hivi kwa mwezi. Angalia tokeni yako ya mwisho uone uniti moja ilikugharimu pesa ngapi, kisha piga hesabu mwenyewe. Na hapo hatujataja kelele za feni kwa mtu anayelala chumba kimoja na seva.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aiwashe uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Hakikisha VT-x, uwezo wa prosesa ya Intel wa kuendesha mashine pepe, ipo na inaweza kuwashwa. Kwa prosesa za AMD inaitwa AMD-V. Kisha uliza mashine inabeba RAM hadi kiasi gani, kwa sababu RAM ndiyo huisha kwanza. Ruta pepe ya MikroTik, CHR, hutosheka na megabaiti 256, na ingawa leseni yake ya bure hubana kasi ya kila kiolesura hadi 1 Mbps, hilo halikuzuii kujifunza OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kupashana njia. Catalyst 8000V, ruta pepe ya Cisco, inataka gigabaiti 4 peke yake. Washa nne za namna hiyo na kompyuta ya gigabaiti 16 imekwisha.

"Proxmox ni ya majaribio, iko siku itaanza kulipisha"

Hofu hii inatokana na ile arifa inayojitokeza unapoingia, ikikwambia huna usajili halali. Usajili huo ni wa msaada wa kitaalamu na wa hazina (repository) ya masasisho ya kibiashara. Programu yenyewe ina leseni huria ya AGPLv3, imejengwa juu ya Debian, aina ya Linux, na KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, na hakuna sehemu inayofungwa usipolipa. Badilisha hazina uweke ile ya no-subscription, masasisho yataendelea kuingia.

"Waajiri wanataka VMware, kwa hiyo lazima uanze na ESXi"

Ni kweli mashirika mengi makubwa bado yanaendesha VMware. Lakini tazama yaliyofuata baada ya Broadcom kuinunua kampuni hiyo Novemba 2023: Februari 2024 ESXi ya bure iliondolewa, na Aprili 2025 ikarudishwa na toleo la 8.0 Update 3e. Aliyekuwa ameshika VLAN (kugawa mtandao mmoja katika mitandao kadhaa), trunk (kiungo kinachobeba VLAN nyingi) na mpangilio wa swichi pepe alihamia kwingine bila shida. Aliyekariri mahali pa kubofya ndiye aliyekwama.

Kuna pia suala la vifaa. Tangu toleo la 7 la mwaka 2020, ESXi iliacha madereva ya zamani, na kadi nyingi za mtandao za Realtek zikaacha kutambuliwa. Kama umeamua ni ESXi, tafuta mashine yenye kadi ya Intel.

"VirtualBox ni ya kuchezea, ni nzito mno"

Kabla hujailaumu, angalia chini ya dirisha la mashine pepe. Ukiona alama ya kobe wa kijani, ujue Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, imeshika prosesa na VirtualBox inalazimika kupitia mgongoni mwake. Mara nyingi kilichoiwasha ni WSL2 (Linux ndani ya Windows), au ule ulinzi wa Windows 11 unaoitwa Memory Integrity. Ukiuzima, kasi inaweza kurudi, ila umepunguza ulinzi wa laptopu yako, kwa hiyo pima. VMware Workstation Pro nayo ni bure kwa kila mtu tangu Novemba 2024. Mwenye laptopu ya gigabaiti 16 na nia ya kusoma hana sababu ya kusubiri mashine nyingine.

"Mashine zikiwa kwenye daraja moja, ni sawa na kuzifunga kebo"

Hapa ndipo wanafunzi hulia usiku kucha wakidhani wamekosea amri. Unaweka swichi mbili pepe ndani ya Proxmox, unaziunganisha kupitia vmbr1, yaani daraja: swichi ya Linux inayounganisha mashine pepe. Ping inapita. Jirani anaonekana kwenye CDP, itifaki ya Cisco ya vifaa kutambuana. Ukiuliza LLDP, inayofanya kazi hiyohiyo kwa vifaa vya kampuni zote, orodha ni tupu, na LACP, ya kuunganisha kebo kadhaa ziwe kiungo kimoja, haiinuki kabisa.

Amri zako ziko sawa. Daraja la Linux hufuata kanuni ya IEEE: fremu (vifurushi vya data) zinazoelekezwa kwa anwani za 01-80-C2-00-00-01 hadi 0F hazivushwi upande wa pili. LLDP hutumia inayoishia 0E, LACP inayoishia 02. CDP ina anwani yake ya Cisco nje ya safu hiyo, ndiyo maana inapita. Kwa LLDP, andika 16384 ndani ya /sys/class/net/vmbr1/bridge/group_fwd_mask, na uondoe tiki ya Firewall kwenye kadi ya kila mashine, kwa sababu tiki hiyo huongeza daraja jingine katikati. Kwa LACP njia hiyo haifanyi kazi, kerneli (kiini cha Linux) inakataa. Badala ya daraja hilo tumia swichi pepe ya Open vSwitch ukiwasha forward-bpdu, au jenga maabara hiyo ndani ya GNS3, programu ya kuigiza mitandao, ambayo hubeba kila kiungo kwa handaki la UDP bila kuchuja chochote.

ESXi ina lake: swichi yake pepe hukataa promiscuous mode (mashine kupokea hata fremu zisizo zake) mpaka uiruhusu, na trunk yenye VLAN zote huipati mpaka kundi la bandari (port group) liwe na VLAN 4095.

Waifai nayo ina mtego wake. Katika nyumba nyingi za kupanga, kifaa cha faiba kiko sebuleni na maabara iko chumbani. Waifai hukubali fremu za MAC (anwani ya kadi ya mtandao) ya kifaa kilichojiunga tu, basi mashine pepe zenye MAC zao kwenye daraja la Proxmox hazitapata hata anwani ya IP kutoka DHCP. VirtualBox hulizunguka tatizo hili kwa kubadilisha anwani hizo njiani. Kwenye Proxmox, zipe mashine subneti yao (mtandao wao mdogo) na ufanye NAT, ili zitoke nje kwa anwani ya kompyuta yenyewe, au uvute kebo.

"Nimepiga snapshoti, niko salama"

Snapshoti, ile nakala ya hali ya mashine pepe kwa wakati fulani, kwa kawaida iko kwenye diski ileile. Diski ikifa baada ya stima kupotea na kurudi mara tatu jioni moja, vyote vimeenda pamoja. Bekapu weka kwenye diski ya nje, na kwenye BIOS ya kompyuta yako tafuta AC Recovery au mpangilio kama huo ili iwake yenyewe stima ikirudi.