Je, wajua? Biashara "iliyokonda" si biashara yenye njaa

Kaa na vijana wanaoanzisha biashara za teknolojia Kampala na hutamaliza soda kabla hujasikia neno "lean", jina la mbinu ya kuendesha biashara. Kwa Kiingereza neno hilo husemwa juu ya nyama isiyo na mafuta, au mtu mwembamba mwenye afya. Sasa biashara changa inakondaje, na kwa nini ikonde ilhali hata kunenepa bado?

Kwa miaka kadhaa nililijibu swali hilo bila kusita, na nilikosea. Nilidhani kukonda ni kubana matumizi: usikodi ofisi, usiajiri, kula muhogo mpaka mambo yanyooke. Ndivyo nilivyowashauri vijana wawili wa Busia, upande wa Uganda, mji wa mpakani ambao waendesha baiskeli wake wanahusishwa na kuzaliwa kwa neno bodaboda. Walitaka programu ya simu ya kuwaunganisha wauzaji wa sokoni na bodaboda wa kubeba mizigo. Nikawaambia watafute fundi wa bei nafuu na wafanyie kazi nyumbani. Wakatii. Programu ikachukua miezi minane, ikatoka safi, na pesa iliyotumika ilikuwa kidogo kweli. Siku ya kuionyesha, mama mmoja muuza mukene, wale dagaa wa ziwani, akafuta vidole kwenye leso, akaishika simu, akaitazama, akairudisha kwa adabu. "Nzuri sana, wanangu. Lakini mimi bodaboda wangu nampigia tu."

Pesa waliiokoa, miezi minane ikapotea. Na mafuta yanayosemwa katika mbinu hii ndiyo hayo hasa: kazi inayofanyika kabla ya kujua kama kuna anayeihitaji.

Asili yake ni viwanda vya magari. Mwaka 1988 John Krafcik, mtafiti wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani, aliandika kuhusu uzalishaji wa Toyota na kuuita mwembamba, yaani "lean". Kabla ya hapo alikuwa ameuita kwa neno lenye maana ya kitu chepesi kuvunjika, jina ambalo sidhani lingeuza semina nyingi. Kinyume chake, kwa maelezo yake, kilikuwa kiwanda chenye mito ya kuegemea: marundo ya vipuri, ili kosa likitokea mahali fulani kazi nyingine zisisimame. Toyota waliondoa marundo hayo ili kosa lisipate pa kujificha. Mfanyakazi wa kawaida aliruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha mstari mzima wa magari akiona kasoro. Bahili hafanyi hivyo, kwa sababu dakika moja ya mstari uliosimama ni pesa nyingi.

Mjini Kampala huhitaji kiwanda ili kuliona jambo hili. Simama jioni pale mtaa wa Wandegeya kwa muuza rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai. Chapati chache anazo kando, lakini yai halivunjwi mpaka mteja aseme, "Mawili, bila nyanya." Sasa mfikirie mpinzani wake anayeamka alfajiri, anakaanga rolex 60 kwa mkupuo na kuzifunga zote kwenye karatasi. Kwa hesabu ya mkaa na dakika, huyu wa pili anaonekana mjanja zaidi, kwa kuwa kila rolex imemgharimu kidogo.

Tuseme wote wawili wamezidisha chumvi. Wa kwanza anaona uso wa mteja ukikunjamana, na rolex inayofuata inatoka sawa. Wa pili anaona uso huohuo akiwa na rolex 59 zenye chumvi ileile. Lakini hasara ya chumvi ni ndogo kuliko kinachomtokea yeye mwenyewe: anaanza kubishana na mteja. Anasema watu wa mtaa huu hawajui kula. Mwenye rolex 59 mkononi hana masikio, na nimewaona waanzilishi wa biashara wengi wakiwa katika hali hiyo, baadhi yao wakiwa na kompyuta nzuri sana.

Ile programu ya Busia ilikuwa rolex 60. Eric Ries, Mmarekani aliyeihamisha mbinu hii kutoka viwandani hadi biashara changa na kuiandikia kitabu mwaka 2011, alishakaanga zake. Katika kampuni yake ya IMVU alitumia miezi kuandika programu ya kuunganisha mitandao ya kutumiana ujumbe, kisha ikabidi aitupe kwa sababu watumiaji hawakuitaka. Baadaye alijiuliza kama asingejua hilohilo kwa ukurasa mmoja wa tovuti wenye kitufe cha kupakua.

Je, mbinu inafanya kazi? Ushahidi upo, ila haujaenea. Huko Italia watafiti walizigawa biashara changa 116 kwa bahati nasibu. Waliofundishwa kuweka dhana zao wazi na kuzipima walifanya vizuri zaidi, na walikuwa wepesi zaidi wa kubadili mwelekeo. Italia si Busia, ambako mteja atakwambia "nzuri sana" ili usiaibike. Kuhusu ushauri wenyewe, utafiti wa Dandora, Nairobi, uliochapishwa mwaka 2018, uko karibu nasi zaidi. Wanawake wenye biashara changa waliokutanishwa na wafanyabiashara wazoefu wa mtaa huohuo waliona faida ikipanda kwa takriban asilimia 20, na waliopewa masomo ya darasani faida yao haikusogea. Sababu kubwa haikuwa hekima yoyote ya ajabu: wazoefu waliwaonyesha wapi pa kununua mali kwa bei nafuu. Na kukutana kulipokoma, faida ile ikafifia.

Niliporudi Busia nilipunguza kutoa hekima. Wale vijana walichukua daftari la mistari, laini moja ya simu na namba ya kupokelea pesa, wakakaa karibu na lango la soko wiki nzima. Kila aliyepiga waliandika anataka nini, na walimhesabu pale tu alipokuwa amelipa. Mizigo ya kupeleka ilikuwa michache, maana kila mama ana bodaboda wake. Walioita sana walikuwa wauza mayai, waliotaka trei tupu zirudishwe kwa wafugaji, safari ambayo bodaboda wao waliiona haina maana. Sasa pikipiki moja inapita kila jioni na trei tupu zilizofungwa kwa mpira hadi juu ya kichwa cha dereva. Programu bado ipo kwenye simu ya mmoja wao; anaitumia kama kalenda.