Msiisukume Iwake: Dhana Potofu Kuhusu Kufufua Pikipiki ya Zamani

"Fundi, tumeweka plagi mpya na petroli mpya, tumeisukuma mpaka kule kona, haitaki kuwaka."

Wiki iliyopita nimeyasikia tena maneno haya, kwa kijana aliyeniletea Honda XL 125 ya marehemu baba yake. Ilikaa bandani miaka 11. Nilifungua hedi, kichwa cha injini, mbele yake. Ringi, zile pete za pistoni, zilikuwa zimegandana na silinda kwa kutu, na kule kusukumwa kumezing'oa kwa nguvu, zikachora mikwaruzo mirefu ambayo ukipitisha ukucha unakwama. Silinda iliyokuwa ipone kwa dizeli na subira sasa inakwenda kuchongwa, itafutiwe na pistoni kubwa zaidi.

Watu wanaamini injini iliyolala lazima iwashwe kwanza ndipo ijulikane inaumwa nini. Hapana! Oili yote imeshuka chini, huko juu ni chuma kikavu. Mara nyingi valvu moja imebaki wazi, kwa hiyo unyevu umekuwa ukiingia kupitia ekzosi miaka yote hiyo. Kwa Yamaha DT za tuustroki, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, ni hatari zaidi: sili za kranki (raba za mhimili mkuu wa injini) zimekakamaa, injini inavuta hewa isiyotakiwa, ikiwaka inapanda raundi yenyewe, na pistoni inashika kwenye silinda.

Nawaomba mfanye hivi. Toa plagi, mimina vijiko viwili vya dizeli iliyochanganywa na oili, iache siku tatu. Kisha weka gia ya mwisho, shika tairi la nyuma, ulisogeze mbele na nyuma taratibu. Likikataa, ongeza dizeli na uongeze siku. Kiki usiiguse. Likishazunguka, mwaga oili, fungua kava la upande wa klachi usafishe chujio linalozunguka na kranki. Humo hukaa tope jeusi, zito kama lami, na kubadilisha oili peke yake hakulitoi.

Petroli ya zamani nayo wanaitetea, eti bado inanuka. Imebaki gundi tu, na gundi hiyo ndiyo inayoziba jeti ndogo ya kabureta, yenye tundu jembamba kuliko sindano ya cherehani. Izibue kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Ukichokoa kwa waya wa breki umeliharibu tundu, na sailensa, yaani mngurumo wa injini ukiachia mafuta, haitatulia tena.

Oili nzito kuondoa moshi? Ringi zilizokwisha hazirudi kwa oili. Isitoshe, oili nzito huchelewa kufika kwenye kemshafti, mhimili unaofungua valvu, ambayo kwenye nyingi ya Honda hizi inazunguka juu ya alumini ya hedi bila beringi.

Betri ya volti 12 kwenye pikipiki ya volti 6 haiongezi mwanga. Inaunguza balbu.

Halafu rangi. Wengi huanza na rangi, kisha injini inakuja kufunguliwa na rangi yote inachubuliwa na spana. Yule kijana alikuwa ameshanunua makopo mawili ya rangi nyekundu. Nilimsihi asubiri. Tukaliosha tangi kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, bila msasa. Chini ya vumbi na kinyesi cha kuku rangi ya kiwandani ilikuwepo, na maandishi ya pembeni yakatokea yote. Makopo ameyarudisha dukani.