Sosi Iliungua, au Uliiunguza? Dhana potofu kuhusu kutathmini bidhaa za kuchomea nyama

Tathmini yangu ya kwanza ya sosi ya nyama choma ilikuwa na maneno manane: "Inaungua upesi, chungu, msinunue. Pesa yangu imepotea bure." Nilikuwa nimezipaka mbavu za mbuzi sosi hiyo zingali mbichi, nikazitandaza juu ya makaa yaliyoiva pale uani kwetu Kasarani, na baada ya robo saa nikatoa kitu cheusi ambacho hata paka wa jirani alikinusa akaenda zake. Wiki mbili baadaye shemeji yangu alikuja kutusalimia, akaiona chupa jikoni, akaigeuza nyuma. "Shemeji, hapa wameandika ipakwe dakika tano za mwisho. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Na watu waliosoma maneno yangu manane hawakuwa na njia ya kujua kwamba sikuona. Tangu hapo nimetathmini sosi, viungo vya kupaka, koleo na majiko mengi, na kosa lile bado nalikuta kila mahali: mtu anahukumu bidhaa kwa kazi ya mikono yake, kisha haelezi mikono ilifanya nini.

Dhana: Sosi ikiungua, ni sosi mbaya

Geuza chupa usome. Sosi nyingi za mtindo wa Kansas City zina nyanya, siki, sukari na molasi. Ndiyo, molasi ile ile ambayo wafugaji wa Kiambu huwachanganyia ng'ombe. Sukari ya kawaida huanza kugeuka karameli karibu nyuzi 160 za Selsiasi, na ikiendelea kupata moto inakuwa nyeusi na chungu. Wamarekani waliozibuni sosi hizi huivisha nyama polepole: jiko lenye kifuniko, joto la nyuzi 110 hadi 135 hivi, mbavu zikikaa humo saa tano au sita. Sukari haiguswi na moto wa kuiunguza. Sisi tunachoma juu ya makaa wazi, na pale wavuni joto hupita nyuzi 250 bila kujitahidi. Ukipaka mapema umejitakia.

Kwa hiyo tathmini yenye faida inataja mambo matatu kabla ya kusifu au kulaani: nyama ilikuwa gani, sosi ilipakwa lini, na moto ulikuwaje. Moto unaupimaje bila chombo? Weka kiganja nusu shubiri juu ya wavu. Ukiuondoa kabla ya sekunde tatu, moto ni mkali, na uandike hivyo. Msomaji anayechoma kuku polepole pembeni ya makaa atajua yaliyokupata hayamhusu.

Kuna sosi ambayo nimeipaka ifaavyo, dakika za mwisho, makaa yamesogezwa kando, na bado ikaacha ladha ya plastiki. Hiyo niliiandika vibaya na nililala usingizi mzuri.

Dhana: Nyama choma ni chumvi tu, hizi sosi zote ni upuuzi

Nikiwa soko la Burma hapa Nairobi na mbuzi amekatwa vipande juu ya ubao, chumvi pembeni, kachumbari na ugali, nami sitaki kuona chupa mezani. Lakini hayo ni mapenzi yangu, na aliyekuja kusoma kuhusu sosi anataka kujua kama hii ni bora kuliko ile. Bidhaa ipimwe kwa kile inachojidai kuwa. Sosi ya mashariki mwa North Carolina ni siki na pilipili, nyepesi kama maji. Ukiipunguzia nyota kwa sababu "haishiki nyama" umemlaumu samaki kwa kutopanda mti. Ile nyeupe ya Alabama hutengenezwa kwa mayonezi na siki, hivyo kulalamika kwamba haina nyanya ni kujianika tu.

Dhana: Kipimajoto kikisoma 94 kwenye maji yanayochemka, ni kibovu

Hii naipenda, kwa sababu nusura inifanye nikakirudishe changu dukani kwa kelele. Nilichemsha sufuria ya maji, nikatumbukiza ncha, kikasimama kwenye 94. Nikasubiri. Tisini na nne. Shuleni tulifundishwa maji huchemka kwa nyuzi 100, na tulifundishwa kweli, ila ni kweli ya usawa wa bahari. Nairobi iko kama mita 1,795 juu ya bahari, hewa inakandamiza kidogo, na maji yetu huchemka karibu nyuzi 94. Kipimajoto kile kile nilikwenda nacho Likoni kwa mama mkwe. Kwenye sufuria yake ya chai kilisoma 100 bila kubembelezwa.

Ukitaka kukijaribu ukiwa Nairobi, tumia barafu. Ponda barafu ijaze glasi, mimina maji kidogo ya kuziba mianya, koroga, ingiza ncha katikati bila kugusa kioo, subiri dakika moja. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 3, una malalamiko halali, na tathmini yako itakuwa na namba ambayo mtengenezaji hawezi kuikwepa. Si jambo dogo: kuku huhesabiwa salama akifika nyuzi 74 ndani kabisa, na kifaa kinachozidisha nyuzi tano kinaweza kukuachia damu karibu na mfupa.

Na kile kipimajoto cha kwenye kifuniko cha jiko? Kinapima hewa ya juu, mbali na wavu. Kutofautiana na cha mkononi peke yake si ushahidi wa ubovu.

Dhana: Kuonja kwa kidole kunatosha

Sosi ikiwa baridi kwenye kidole hujitokeza chumvi na siki. Ikikaa juu ya nyama yenye mafuta, moto ukiipitia, inakuwa kitu kingine. Onja kote kuwili, na useme ni wapi ulionja.

Linalosumbua zaidi ni macho. Chupa yenye lebo nzuri na bei ya kuumiza huonjwa na pochi kabla ya ulimi. Mwaka jana mke wangu alinimiminia sosi tatu kwenye vikombe vya kahawa, akaviandika A, B na C chini ya kitako, akakataa kuniambia lolote. Ile ya kutoka ng'ambo niliyokuwa nimeisifu kwa aya mbili nzima niliiweka ya mwisho. Yeye hakucheka, lakini alitabasamu hadi Jumanne. Katika mashindano ya Kansas City Barbeque Society majaji huletewa nyama kwenye masanduku yenye namba, bila jina la mpishi; hutoa alama kati ya 2 na 9, na huagizwa wasilinganishe sanduku hili na lile. Sosi yenyewe kule si lazima. Nyumbani tunaweza kuiga angalau lile la vikombe.

Dhana: "Kali sana" ni maelezo

Kwa nani? Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville, alipima ukali kwa kuzimua pilipili kwenye maji ya sukari hadi waonjaji wasiuhisi tena. Kipimo chake kingali kinatumika, ingawa maabara za leo zina mashine. Wewe huna mashine, una majirani. Linganisha na kitu ambacho kila mtu amekila: "inazidi pilipili ya kawaida ya sokoni, haifiki pilipili mbuzi." Sema pia kama ukali unapiga mara moja au unakuja nyuma ya koo baada ya kumeza. Usionje zaidi ya sosi tatu kali kwa kikao kimoja, ulimi hufa ganzi. Kati ya moja na nyingine kunywa maziwa lala; maji hayaondoi kitu, kwa kuwa kiini cha ukali wa pilipili hakiyeyuki vizuri ndani yake.

Dhana: Viungo vya kupaka vikiwa vitamu, ni viungo bora

Huenda ni chumvi ya bei ghali. Lebo huorodhesha viungo kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Chumvi ikiwa ya kwanza na sukari ya pili, umenunua chumvi na sukari zilizopakwa rangi ya paprika. Wengine huandika sodiamu badala ya chumvi. Zidisha kwa 2.5. Gramu 12 za sodiamu kwa kila gramu 100 ni gramu 30 za chumvi, karibu theluthi ya mkebe. Andika hivyo, weka na bei ya kila gramu 100 kwa shilingi, maana mkebe mdogo hudanganya.

Dhana: Ukipewa bure, ukisifu ni rushwa, ukikosoa ni utovu wa shukrani

Sema tu kwamba ulipewa, tena mwanzoni, kabla msomaji hajafika kwenye sifa. Marekani, tume ya biashara ya FTC ilipitisha mwaka 2024 kanuni inayopiga marufuku tathmini za uongo na za kununuliwa ili zisifu. Mimi nilipewa koleo na fundi wa Kamukunji ambaye ni rafiki yangu. Nilieleza urafiki wetu, nikaeleza pia kwamba ribiti ililegea mwezi wa pili. Aliibadilisha, na bado ananikaribisha chai.

Dhana: Kifaa kikipendeza siku ya kwanza, andika

Sosi unaimaliza kwa wikendi mbili. Kifaa kinahitaji miezi, mvua moja kikiwa kimesahauliwa nje, na mtoto wa jirani. Brashi ya waya, kwa mfano, huwa nzuri ikiwa mpya. Inapochakaa ndipo nyuzi zinaponyofoka, zikabaki wavuni, zikaingia kwenye nyama. Mwaka 2012 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliandika kuhusu wagonjwa waliojeruhiwa koo na utumbo kwa kuzimeza. Tathmini ya brashi isiyosema kama nyuzi hutoka ikivutwa kwa koleo imeacha swali lenyewe. (Nusu ya kitunguu kwenye uma, wavu ukiwa moto, husafisha vizuri tu.)

Wavu wa mafundi wa jua kali nao utazame kwa makini. Ukiona maua maua ya kung'aa kama bati jipya la paa, umepakwa zinki. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 419, na moshi wake ndio huwapa mafundi wa kuchomelea homa. Hilo si la kupunguzia nyota moja. Liandike mstari wa kwanza.

Dhana: Ukishaandika, umemaliza

Yale maneno manane bado yapo, sikuyafuta. Chini yake nimeongeza: "Nilikosea. Nimeipaka tena, mbavu za mbuzi, dakika tano za mwisho, makaa kando. Haiungui. Ni tamu kuliko nipendavyo, na chupa ya gramu 500 iliishia kwenye kilo tatu za nyama. Nyota tatu." Shemeji anasema ilistahili nne. Lakini yeye hutia jemu kwenye mandazi.