Saa Moja Isiyo ya Mahubiri

Adhana ya alfajiri ikisikika hapa Barani, Malindi, mimi huamka pamoja na majirani zangu. Wao wanatia udhu, mimi nawasha taa na kufungua Biblia. Simu naiacha kwa mke wangu. Kukiwa na mgonjwa au msiba ataniita. Kwa muda wa saa moja hivi, mpaka jua litokeze baharini, siandai mahubiri. Najisomea mimi mwenyewe, kama mshirika yeyote mwenye njaa ya Neno.

Vijana wanaoingia kwenye huduma huniuliza nasoma nini. Kila siku nasoma sura mbili za Agano la Kale, moja ya Agano Jipya na Zaburi moja, kwa mfululizo, bila kuruka hata orodha za vizazi. Biblia yetu ina sura 1,189. Zaburi 150 huisha kwa miezi mitano, sura 260 za Agano Jipya kwa chini ya miezi tisa, na sehemu iliyobaki ya Agano la Kale kwa mwaka na wiki tatu na ushei. Mizunguko hii haiendi sambamba, na napenda iwe hivyo: Zaburi niliyoisoma mara ya mwisho pamoja na Hosea, safari hii naisoma pamoja na Ruthu, nayo inasikika tofauti kabisa.

Zamani nilifuata ratiba ya Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee kule Uskoti, aliyoitungia kanisa lake mwaka 1842. Ni sura nne kwa siku, na Agano Jipya na Zaburi unazipitia mara mbili kwa mwaka. Ni ratiba njema, ila tarehe zake zilinishinda. Wiki yenye misiba miwili huko bara, narudi nakuta deni la sura 28, naanza kulilipa mbiombio, na nikifunga kitabu sikumbuki nilichosoma. Nikaziacha tarehe, nikabaki na kipande cha kitambaa: ninapoishia leo ndipo nitakapoanzia kesho.

Nasoma kwa sauti, kwa tafsiri ya Union ya mwaka 1952. Panaponitatiza naifungua tafsiri ya Habari Njema, lakini sauti ni lazima, maana jicho huruka maneno na mdomo hauruki. Na kila ninaporudi kwenye Mwanzo namkumbuka Krapf, mmisionari Mjerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kukitia kitabu hicho katika Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwaka huohuo pia alimzika mkewe Rosina pamoja na binti yao mchanga. Huwa nanyamaza kidogo hapo kabla ya kuendelea.

Kusoma kwa ajili ya mahubiri ninako, siku za Jumanne na Alhamisi mchana, pamoja na itifaki, yaani kitabu cha kutafutia maneno ya Biblia, na vitabu vya ufafanuzi. Nimezitenga aina hizi mbili za kusoma kwa sababu kwa miaka mingi nilizichanganya. Nilikuwa naingia kwenye Biblia kama mtu aendaye sokoni na orodha: nataka aya mbili za imani, moja ya utoaji, natoka. Aya nilizipata kila Jumapili, lakini vitabu vyenyewe sikuvijua.

Aprili 2023 ndipo nilipojua nimepungukiwa kiasi gani. Makaburi ya msitu wa Shakahola yalianza kufukuliwa na miili ikaletwa mochari hapa Malindi. Hesabu yake ikaja kupita 400. Watu walikuwa wameambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Mama mmoja wa kanisani kwetu, aliyekuwa na jamaa kule msituni, alinijia akaniambia, "Mchungaji, aya za kufunga nimesomewa nyingi. Wewe nionyeshe mahali Mungu amemwambia mtu ale." Nilimpa aya moja iliyonijia kichwani. Akatikisa kichwa, na kweli haikuwa jibu. Miaka yote ile ya mimbari, nikakosa.

Sikuyatafuta majibu kwenye itifaki. Niliendelea na sura zangu, na daftari karibu. Nikafika 1 Wafalme 19: Eliya amelala chini ya mti, amechoka, anaomba afe, na malaika anamgusa akimwambia, "Inuka, ule." Anamwambia hivyo mara mbili. Baadaye Marko 5: binti Yairo amefufuka, watu wameduwaa, na Yesu anaagiza apewe chakula. Kisha Matendo 27, sura ambayo watu wa pwani tunaielewa bila kufafanuliwa. Chombo kimepigwa na dhoruba siku kumi na nne, watu 276 hawajala kitu, na Paulo anawasihi wale ili waokoke. Anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaanza kula yeye.

Hata Isaya 58 niliyokuwa nikiihubiri kila msimu wa maombi nilikuwa nikiikata njiani. Saumu anayoitaka Mungu pale ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Tunaishi na Waislamu wanaofunga mwezi mzima, na mtoto wao mdogo anajua kwamba saumu ina futari. Sisi tulioshika Biblia tuliwezaje kusahau?

Nilimpelekea yule mama daftari nyumbani. Tulisoma Matendo 27 yote, kwa zamu, yeye aya moja na mimi moja. Mwisho akaniomba nimwonyeshe namna ya kusoma kwa mfululizo. Sikumpa sura nne. Nilimwambia aanze na Marko, sura moja kwa siku, halafu aingie Yohana, na atakaposhindwa siku moja asilipe deni.

Wiki kadhaa baadaye alinipigia alfajiri, mke wangu akaniletea simu akidhani ni msiba. "Mchungaji, nimefika Yohana ishirini na moja. Yesu amewasha makaa ufuoni, ameweka samaki na mkate, anawaita wavuvi, 'Njoni mfungue kinywa.' Hii mbona hukuiandika kwenye daftari lako?"

Nimeiandika, na jina lake pembeni.