Je, wajua kwa nini saa ya kamani, yaani inayoendeshwa na springi, haitaki mafuta ya cherehani?

Saa ya marehemu babu ilikufa baada ya kutiwa mafuta. Kabla ya hapo ilikuwa ikichelewa dakika chache tu kwa siku. Ami yangu, tukiwa barazani Langoni hapa Lamu, akaufungua mfuniko wake wa nyuma kwa ncha ya kisu akadondoshea tone la mafuta ya cherehani. Siku mbili ilikwenda vizuri mno. Wiki ya pili ikaanza kukimbia, ikawa inaonyesha Alasiri na mwadhini hata hajatia udhu. Mwezi haukwisha, kimya.

Ami hakukosea kudhani chuma kinataka mafuta. Saa nyingi za mkono za zamani hupiga mara 5 kwa sekunde, yaani mara 432,000 kwa siku, na ncha za ekseli ya lile gurudumu linalocheza mbele na nyuma zina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Ncha hizo huzunguka ndani ya vitundu vya yakuti. Ndiyo maana uso wa saa huandikwa kuwa ina vito 17, wala si vya kujipambia. Siku hizi ni yakuti za kiwandani. Mfaransa Auguste Verneuil ndiye aliyetangaza mwaka 1902 njia ya kuzitengeneza kwa moto.

Kila kito kimechongwa kibakuli kidogo kuzunguka tundu lake. Tone dogo likikaa humo hujishika lenyewe, likavutwa kuelekea pale penye nafasi finyu zaidi, kati ya ncha na kito. Tone likizidi, hufurika hadi kwenye bamba la chuma, na likishagusa bamba hutambaa na kuyavuta hata yale mafuta yaliyokuwa tunduni. Kwa hiyo saa iliyotiwa mafuta mengi ndiyo inayokauka! Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilidhani fundi ananitania.

Na ule wazimu wa kukimbia? Gurudumu lile huongozwa na kamani ya pili, nyembamba kama unywele, iliyojizungusha mara nyingi. Mafuta yakiifikia, mizunguko hugandana. Kamani inakuwa kama imefupishwa, na gurudumu linacheza haraka zaidi.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kufungua kila kipande na kukiosha, kwa sababu mafuta mapya juu ya yaliyoganda na vumbi hugeuka msasa. Kisha huchovya ncha ya sindano na kugusa mahali pachache. Magurudumu ya mbio hupewa mafuta mepesi, kamani kubwa na sehemu za kujazia hupewa mazito au grisi. Meno ya magurudumu kwa kawaida huachwa makavu. Zamani mafuta yaliyosifiwa sana yalitoka kwenye mataya ya pomboo, na mji wa New Bedford huko Marekani ulijulikana kwa biashara hiyo. Leo mengi ni ya maabara.

Hewa yetu ya chumvi ina yake. Raba ya kitufe cha kujazia ikichakaa, unyevu hupenya, na kamani ya chuma cha zamani ikipata doa moja la kutu hukatikia hapo. Kuibadilisha kunataka vipimo: upana, urefu, na hasa unene. Kamani iliyozidi unene kwa sehemu moja ya kumi huwa na nguvu zaidi kwa karibu theluthi nzima, na gurudumu linaweza kuchezeshwa kupita kiasi hadi ligonge. Ukiona fundi anachukua kamani yoyote droani "inayoingia", chukua saa yako uondoke.

Ya babu iliwekewa kamani mpya na raba mpya. Ile nyembamba ilihitaji kuoshwa tu. Ami alikwenda mwenyewe kuichukua. Akaikagua ikiwa bado wazi, akainua uso.

"Fundi, mbona kavu? Mafuta umetia wapi?"

Fundi akaivua lenzi jichoni, akampa.